Risasi katika damu ya mtoto: maswali ya wazazi wanaosema Kiswahili walioko Marekani

Mama mmoja kutoka Uvira, Kongo, aliruka kwenye kiti nilipomfasiria maneno ya muuguzi: "Mtoto ana risasi katika damu." Kwake yeye risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki, na alikuwa ameikimbia kwa miguu akiwa na watoto wawili. Kosa lilikuwa langu mimi mkalimani. Tangu siku hiyo naeleza kwanza neno, ndipo nafika kwenye namba, na hapa nitafanya vivyo hivyo. Maswali yaliyomo ni yale ninayoyasikia kliniki na kwenye simu za jioni kutoka kwa wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 6.

Risasi gani hii inayozungumziwa?

Ni madini: metali nzito, laini, ya kijivu. Zamani iliyeyushwa kutengeneza risasi za bunduki, ndiyo maana Kiswahili kimeyapa yote mawili jina moja. Aliyekulia ufukweni ameishika mkononi bila kujali: chubwi ya mshipi wa kuvulia samaki ni risasi. Imo ndani ya betri ya gari pia. Katika karatasi za kliniki imeandikwa "lead", na watu hulitamka "led". Ukiliona neno hilo kwenye barua ya mtoto, usiiweke barua chini ya televisheni pamoja na matangazo ya duka.

Mtoto wangu anacheza, anakula, analala vizuri. Kwa nini atobolewe kidole?

Kwa sababu risasi haimwangushi mtoto kitandani kama malaria. Watoto wengi walio nayo hawana dalili yoyote. Wengine huumwa tumbo, hukosa choo, hukosa hamu ya kula, huwa wakali bila sababu, na mzazi husema ni meno yanaota. Wakati huo madini yanaingia katika ubongo unaojengwa, na madhara yake huja kuonekana miaka baadaye: maneno yanachelewa, kusoma ni kazi, kutulia darasani ni shida. Utumbo wa mtoto mdogo hunyonya risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya utumbo wa mtu mzima. Na mtoto wa mwaka mmoja humeza mengi, maana kila kitu hukijua kwa mdomo.

Ikizidi sana huleta degedege, kupoteza fahamu na kifo. Mwaka 2000, katika mji wa Manchester, New Hampshire, mtoto wa miaka 2 wa familia ya wakimbizi kutoka Sudan alifariki kwa sumu ya risasi wiki chache tu baada ya kufika Marekani. Familia ilikuwa imepangishiwa nyumba ya zamani yenye rangi inayobanduka. Wazazi wale walivuka jangwa na bahari, na hatari iliyowapata ilikuwa dirishani. Huwa naisimulia habari hii kwa mzazi anayeniambia, "Tumeshafika salama."

Anapimwa akiwa na umri gani?

Mtoto mwenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, lazima apimwe damu akiwa na miezi 12 na tena akiwa na miezi 24. Kama hakupimwa wakati huo, apimwe mara moja kabla ya kutimiza miaka 6. Jina la bima hubadilika kwa jimbo: Maine huitwa MaineCare, Massachusetts huitwa MassHealth, lakini ni ileile. Majimbo kadhaa, hayo mawili yakiwemo, hudai kila mtoto apimwe hata kama bima yake ni nyingine. Daktari akisahau, mkumbushe. Si utovu wa adabu. Hapa mzazi anayeuliza huonekana mzazi makini.

Tulipimwa tulipofika kama wakimbizi. Mbona wanatuita tena?

Swali hili huja na hasira, na naielewa, kwa sababu familia zetu zimechomwa sindano nyingi tangu kambi za Nyarugusu, Nakivale au Kakuma. Utaratibu ni huu: watoto wote wakimbizi hadi miaka 16 hupimwa wanapofika, ndani ya siku 90. Wale wa miaka 6 na chini hupimwa tena baada ya miezi 3 hadi 6, hata kama kipimo cha kwanza kilikuwa kizuri.

Kipimo cha kwanza husema mtoto alikuja na nini. Cha pili husema nyumba mliyopewa inampa nini. Huko New Hampshire, mwaka 2003 na 2004, baadhi ya watoto wakimbizi kutoka Afrika waliofika wakiwa na namba ndogo walikutwa na namba kubwa walipopimwa mara ya pili. Risasi ile hawakutoka nayo Afrika. Ukikataa kipimo cha pili umekataa kile kinachoikagua Marekani yenyewe.

Kipimo chenyewe kikoje?

Tone la damu kutoka kidoleni, au kisigino kwa mtoto mchanga. Ni dakika chache. Mwoshe mtoto mikono kwa sabuni kabla ya kutobolewa, kwani vumbi lenye risasi likiwa kwenye ngozi linaweza kuchanganyika na tone na kupandisha namba ya uongo. Kwa sababu hiyohiyo, kidole kikionyesha namba ya juu utaitwa tena damu itolewe kwenye mshipa. Damu ya mshipa ndiyo inayoaminiwa. Kuitwa tena hakumaanishi kwamba walikosea, wala kwamba mtoto anakufa.

Namba ina maana gani?

Huandikwa kwa mikrogramu katika desilita moja ya damu. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, kwa hiyo tunazungumzia kitu kidogo mno, na bado kinadhuru. Namba ya kuishika kichwani ni 3.5. Tangu mwaka 2021 mtoto aliyefikia hapo huhesabiwa kuwa na risasi nyingi kuliko watoto wengi wa nchi hii, na hufuatiliwa.

Usiielewe 3.5 kama mpaka kati ya sumu na usalama. Hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Mwaka 1991 namba hiyo ilikuwa 10, mwaka 2012 ikawa 5, kisha ikashushwa tena. Miili ya watoto haikubadilika. Kilichobadilika ni ujuzi wa madaktari, na pia ukweli kwamba damu za watoto zilizidi kuwa safi. Basi wakikuambia "ni nzuri", uliza: "Ni ngapi?" Andika namba na tarehe, kwa sababu 1 iliyokuwa jana ikiwa 3 leo, kuna kitu kimebadilika nyumbani ingawa hakuna atakayekupigia simu.

Kuanzia 3.5 utapimiwa mtoto tena, utaulizwa juu ya nyumba, chakula na kazi, na mara nyingi idara ya afya itajitolea kuja kutazama. Dawa za kuivuta risasi kutoka mwilini hutolewa kwa kawaida namba ikifika 45 au zaidi, na mtoto huwekwa chini ya uangalizi wa karibu. Chini ya hapo dawa haitolewi, na wazazi wengi hudhani wamepuuzwa. Hawakupuuzwa. Tiba katika hatua hiyo ni kukiondoa kinachoingiza risasi, na kazi hiyo haifanywi na kidonge.

Nitalipa?

Kwa Medicaid, hapana. Na mkalimani pia ni bure: kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kukupatia. Usimtumie mtoto wako wa darasa la tano kutafsiri majibu ya mdogo wake.

Wakikuta risasi, watanichukulia mtoto?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, mlango ukishafungwa. Kipimo cha risasi si kesi ya kumlea mtoto vibaya. Muuguzi au mkaguzi anayekuja nyumbani anatafuta chanzo: hupangusa vumbi kwenye fremu za madirisha, huelekeza kifaa chake ukutani kusoma rangi za chini, huuliza mnatumia viungo gani jikoni. Mkaribishe, na umweleze ukweli wote, hata habari za wanja na udongo. Mzazi anayeficha wanja huwaacha wageni wakikwangua ukuta usio na kosa.

Nyumba ni safi, nadeki kila siku. Risasi itatoka wapi?

Rangi yenye risasi ilipigwa marufuku kwa nyumba za kuishi Marekani mwaka 1978. Nyumba iliyojengwa kabla ya hapo inaweza kuwa nayo chini ya matabaka ya rangi mpya, na kadiri ilivyo kongwe ndivyo uwezekano unavyozidi. Sasa fikiri ni nyumba zipi hupangishwa kwa mtu aliyefika juzi bila historia ya mikopo: zile za mbao, ghorofa tatu, za enzi za viwanda vya nguo.

Tazama madirisha kwanza. Dirisha la zamani la hapa hupandishwa na kushushwa, mbao ikisuguana na mbao, na kila unapolifungua linasaga rangi kuwa vumbi. Vumbi hukaa kwenye kizingiti cha dirisha, mahali palepale ambapo mtoto aliyejifunza kusimama huweka mikono, kisha mdomo, akitazama theluji. Milango inayokwaruza ni vilevile, na ngazi, na baraza za mbao. Udongo wa kando ya nyumba umebeba rangi iliyoanguka miaka mingi pamoja na moshi wa petroli ya zamani iliyokuwa na risasi.

Usafi wetu wa fagio kavu hulirusha vumbi hilo hewani. Tumia kitambaa chenye maji na sabuni, kioshe kwenye ndoo nyingine isiyo ya maji ya kudekia, na maji machafu yamwage chooni. Sogeza kitanda cha mtoto mbali na dirisha. Rangi inayobanduka ifunike kwa karatasi yenye gundi hadi itengenezwe, usiikwangue wewe. Osha mikono na midoli ya mtoto, hasa kabla ya kula na kulala. Viatu vibaki mlangoni, na hapo mila yetu imewatangulia wataalamu.

Mwenye nyumba anasema amepaka rangi mpya, hivyo hakuna shida.

Rangi mpya juu ya ukuta mzima usiosuguliwa husaidia. Juu ya dirisha linalosagana husaidia miezi michache. Kama nyumba ni ya kabla ya 1978, sheria ya shirikisho inamtaka akueleze kabla ya kusaini mkataba kila anachojua kuhusu rangi ya risasi, na akupe kijitabu cha maelezo. Wengi wetu tumesaini bila kukiona. Kiombe hata sasa. Fundi anayelipwa kutengeneza nyumba kama hiyo lazima awe na cheti cha kufanya kazi bila kusambaza vumbi. Akija na mashine ya kusugua na hajafunika chochote kwa plastiki, toa watoto na upigie simu idara ya afya ya mji.

Massachusetts imekwenda mbali zaidi: mtoto wa chini ya miaka 6 akiishi katika nyumba ya kabla ya 1978, mwenye nyumba analazimika kuondoa au kudhibiti hatari za risasi. Na kukunyima nyumba kwa sababu una watoto kunakatazwa na sheria ya shirikisho, isipokuwa baadhi ya majengo madogo anamoishi mwenyewe mwenye mali. Malalamiko yote yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu. Maneno ya mdomo hayana ushahidi.

Nikichemsha maji ya bomba, risasi inakufa?

Haifi, kwa sababu haiishi. Kuchemsha huua vijidudu, na tulifundishwa vizuri, lakini risasi hubaki sufuriani huku maji yakipungua, kwa hiyo huzidi kukolea. Mabomba ya risasi yalikatazwa mwaka 1986. Yaliyofukiwa kabla ya hapo mengi bado yapo. Kwa kunywa, kupika na maziwa ya unga ya mtoto tumia maji baridi tu, kwani ya moto huvuta risasi zaidi kutoka kwenye bomba. Asubuhi yaache yatiririke kwanza. Ukinunua chujio, tafuta kwenye boksi alama NSF/ANSI 53 na maneno yanayosema linapunguza "lead". Si kila chujio linafanya hivyo.

Vitu tunavyoletewa kutoka nyumbani vina shida?

Baadhi, ndiyo. Wanja wa manga ndio wa kwanza. Familia za pwani, za Kisomali na zenye ndugu Oman humpaka mtoto mchanga machoni au kwenye nyusi, kwa uzuri na kwa kumkinga na kijicho. Wanja wa asili aghalabu ni jiwe la risasi lililosagwa. Mtoto hujipangusa jicho, halafu hunyonya vidole. Hapa Marekani hauruhusiwi kuuzwa kama kipodozi, ingawa utaukuta dukani kwa jina la kohl, kajal au surma. Maandishi ya "hauna risasi" kwenye kichupa hayatoshi kuaminiwa. Bibi akisisitiza, mwambie mtoto atakingwa kwa dua.

Udongo wa kula ni wa pili. Pemba kwa Watanzania, mabele kwa ndugu zetu wa Kongo: wajawazito huutafuna kwa hamu. Mamlaka za afya za Uingereza ziliwahi kuonya kuhusu udongo wa aina hii unaouzwa kwa wajawazito kwa sababu ya risasi iliyomo. Hamu hiyo mara nyingi huenda na upungufu wa damu, basi mwambie mkunga, usione haya.

Viungo vya unga, hasa manjano iliyonunuliwa kwa kupimiwa, vimewahi kukutwa vimetiwa rangi ya risasi ili ving'ae. Mwaka 2023 hapa hapa Marekani vifuko vya tufaha la kusagwa vyenye mdalasini viliondolewa madukani baada ya watoto kukutwa na risasi. Mdalasini ndio uliokuwa mchafu. Sufuria za kufuliwa mtaani kwa aluminiamu ya vyuma chakavu huweza kutoa risasi ndani ya chakula, zaidi ukipika nyanya au ndimu. Najua ile sufuria ya ugali imesafiri nawe. Iweke ukumbusho, pikia nyingine.

Na vidani vya bei rahisi: mwaka 2006 huko Minneapolis mtoto wa miaka 4 alifariki baada ya kumeza kidani cha bangili kilichokuwa risasi karibu tupu. Mtoto akimeza kitu cha aina hiyo, piga 1-800-222-1222, kituo cha sumu, usiku au mchana, na useme "Swahili" wakutafutie mkalimani. Akiwa na degedege au amezimia, piga 911.

Nimpe chakula gani?

Mtoto mwenye njaa, au aliyepungukiwa chuma na kalisi, hunyonya risasi kwa wingi zaidi. Kwa hiyo ale mara kwa mara, kidogo kidogo. Dagaa, au ndagala kwa wa upande wa Tanganyika, wanaoliwa na mifupa yao ni kalisi. Maharage, nyama na majani ya kijani hutoa chuma, na chungwa au nyanya mezani husaidia chuma kiingie. Maziwa ni mazuri ila si chupa tano kwa siku, maana humshibisha akaacha chakula chenye chuma. Chai ndiyo ugomvi wangu na wazazi: chai ya rangi pamoja na chakula huzuia chuma, na mtoto wa mwaka mmoja haihitaji kabisa. WIC, mradi wa serikali wa chakula kwa kina mama na watoto, husaidia kununua mengi ya hayo hadi mtoto atimize miaka 5.

Kuna dawa ya kienyeji ya kusafisha damu?

Hapana, na baadhi ya dawa za unga zenyewe zimekutwa na risasi.

Baba yao anafanya kazi ya kubomoa nyumba. Inahusu?

Inahusu sana. Kubomoa, kupaka rangi, kuyeyusha vyuma, betri, uwanja wa kulenga shabaha: vumbi hurudi nyumbani kwenye nywele na suruali. Abadilishe nguo na viatu kazini, aoge kabla ya kumbeba mtoto, na nguo zake zifuliwe peke yake. Naye apimwe.

Kwani kwetu hakuna risasi?

Ipo, na vipimo ndivyo haba. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, ulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu jirani na nyumba za watu. Phyllis Omido aliyefanya kazi pale aliona mtoto wake mwenyewe akiugua, wakatafuta malaria na homa ya matumbo, na mwisho damu ikaonyesha risasi. Aliongoza wakazi hadi kiwanda kikafungwa, akapewa tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, hukumu ikapinduliwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Mkienda likizo, muweke mtoto mbali na gereji na mahali wanapofungua betri, na apimwe mkirudi.

Namba ilikuwa 14 mwaka jana, sasa ni 4. Tumemaliza?

Mmefanya kazi kubwa. Risasi hupungua katika damu kwa nusu kila mwezi mmoja hivi chanzo kikiondoka, lakini nyingine hujificha katika mifupa na kutoka polepole, ndiyo maana namba hushuka kwa kusuasua. Endeleeni na vipimo hadi daktari aseme.

Madhara yaliyokwisha kutokea katika ubongo hayafutwi na namba kushuka, ila mtoto husaidika. Mwambie daktari aandike kwenye faili kwamba aliwahi kufika 14, kwa sababu mwalimu wa darasa la pili hatajua kama haikuandikwa. Chini ya miaka 3 kuna huduma za serikali za kumkagua ukuaji wake na kumfundisha kusema na kucheza, mara nyingi nyumbani kwenu. Mzazi anaweza kuziomba mwenyewe, bila barua ya daktari. Akishatimiza miaka 3 ombi hupelekwa kwa wilaya ya shule, kwa ofisi nyingine na karatasi nyingine, basi kama ana miaka 2 na nusu, piga simu wiki hii.